Mpiga Chapa na Mchezo wa Mabomu

Baada ya kiharusi, Mpiga Chapa alibakiwa na maneno machache tu, na moja kati ya hayo lilikuwa "bendera".

Mengine yalieleweka. Alisema "maji" akiwa na kiu, na mara nyingine bila kiu. Alisema "eti" alipotaka kuanza sentensi, kisha sentensi yenyewe isije. Lakini hilo la bendera liliwachanganya watu. Wageni walikuja kumjulia hali, wakaketi sebuleni, wakamshika mkono wa kushoto, ule uliobaki na uhai, naye akawatazama kwa makini na kusema, "Bendera." Jirani yao, mwanamke asiyeishiwa maneno, alimwambia siku moja kwamba serikali ingejua ina mzalendo wa namna hii ingemletea godoro jipya. Watu walicheka. Mpiga Chapa naye alicheka, kwa upande mmoja wa mdomo.

Mumewe hakucheka. Kati ya wote waliokuwepo, ni yeye peke yake aliyejua neno hilo lilikotoka, na hakuona sababu ya kulimwaga mbele ya watu.

Zamani alikuwa fundi wa mashine za kupiga chapa, na mpaka leo mtaa mzima ulimwita Fundi. Alizunguka ofisi moja baada ya nyingine na mkoba wa bisibisi, brashi na chupa ya mafuta mepesi. Mashine iliyomshinda papo hapo aliibeba begani hadi kibandani kwake. Mashine za wakati ule zilikuwa chuma kitupu, na bega lake la kulia halikuzisamehe. Alikutana na mkewe katika ofisi ya maji, msichana mwenye vidole vyepesi na ulimi mwepesi zaidi. Wenzake walimtania kwamba alikuwa akizikwamisha herufi makusudi ili fundi aitwe. Hakuwahi kukana. Walipooana, Fundi aliendelea kumwita Mpiga Chapa siku ambazo moyo wake ulikuwa mweupe, na "mama" siku nyingine zote.

Kisha zikaja kompyuta. Ofisi ya maji ilipata moja, ikapewa chumba chake, mapazia yake na kiyoyozi, wakati mkuu wa ofisi mwenyewe alikuwa akijipepea kwa faili. Watu walivua viatu mlangoni kabla ya kuingia. Jioni mashine ilivishwa kitambaa kilichoshonwa kwa kipimo chake, chenye marinda, kama mtoto anayepelekwa kwa bibi. Fundi aliitazama mara moja akajua kwamba unga wake umeanza kumwagika. Hakupiga kelele. Alijiandikisha shule ya jioni, akaketi na vijana wa umri wa wapwa zake, penseli imechongwa, na hakukosa somo hata siku ya mvua ya mawe. Alitoka na cheti ambacho bado kilining'inia ukutani juu ya redio, na wageni waliokaa muda wa kutosha walionyeshwa.

Mwalimu aliyeletwa kuwafundisha wapiga chapa aliwaambia wacheze kwanza, mkono uzoee kipanya. Kulikuwa na mchezo wa karata na mchezo wa mabomu. Ule wa karata Mpiga Chapa aliwaachia wenzake. Yeye alipenda ule uwanja wa viboksi vya kijivu ambao chini ya baadhi yake bomu limejificha. Ukifungua kiboksi salama unapewa namba, na namba inakuambia ni mabomu mangapi yanayokigusa. Kuanzia hapo ni kufikiri tu. Ukishajua bomu liko wapi, unabofya kitufe cha kulia cha kipanya, na bendera ndogo nyekundu inasimama juu ya kiboksi: hapa pasiguswe. Ukikosea, uwanja mzima unalipuka.

Fundi alikuwa akimpitia mkewe jioni, na mkuu wa ofisi akishaondoka waliketi wote wawili mbele ya kile kioo kinene, miguu mitupu kwenye sakafu ya baridi. Feni ya mashine ilivuma kama nyuki waliofungiwa kwenye kopo. Fundi alieleza sababu zake kwa urefu, kwamba kama huyu ni mbili na yule ni moja basi bomu lazima liwe pale, na alipokuwa bado anaeleza mkewe alikuwa ameshamaliza pembe nzima. Baadaye, simu zilipojaa michezo inayomeremeta na kukuita hata ukiwa mezani, Fundi alizoea kusema kwamba mchezo ule ulikuwa na adabu. Haukukuuliza jina lako. Haukukutangazia sabuni. Ukiuzima, umezimika.

Neno lilihama na wao mpaka nyumbani. Mjomba wa Fundi akionekana njiani anayumba kutoka kilabuni, mmoja alimnong'oneza mwenzake, "Bendera." Sufuria ikiwa ya moto, bendera. Alipofariki mtoto wao wa kiume, wa pili, akiwa bado hajajua kutembea, kulikuwa na miaka ambayo jina lake lilikuwa na bendera juu yake, na hakuna aliyeligusa. Lilikuwa neno la wawili. Binti yao mkubwa alilisikia mara moja moja mbele ya kompyuta, akajua ni la mchezo, basi.

Binti huyo sasa alikuwa mtu mzima, ana nyumba yake mji mwingine, nyumba isiyo na ngazi, na mwanamke wa kumsaidia kazi. Tangu mama yake apatwe na kiharusi alikuwa akisema jambo moja: mama aje kwangu. Fundi alikuwa akijibu jambo moja: mama yako ana kwake. Walisemezana kwa simu mpaka sauti zikapanda. Mwishoni binti alikuja mwenyewe, akakaa na mama yake mchana kutwa, akamwita, akamwonyesha picha za wajukuu, akapata "maji" na "eti" na "bendera". Alipotoka chumbani macho yalikuwa mekundu.

"Baba, mama hajui tena yuko wapi," alisema. "Kwake yeye hapa na kwangu ni sawa tu. Wewe ndiye unayemtaka hapa."

"Anajua kuliko mimi na wewe."

"Basi nionyeshe. Nitarudi na mume wangu mwisho wa mwezi, na gari. Ukinionyesha kwamba mama ana akili zake, simgusi. Usiponionyesha, tunaondoka naye, na usije ukaniita mwizi."

Fundi alisema sawa. Alikuwa mtu wa mitihani, hakuwahi kuiogopa.

Alichokiogopa alikuwa hajamwambia mtu. Kumwogesha mkewe kulikuwa kazi yake, na hakutaka mtu mwingine aifanye. Kila asubuhi aliinama, akapitisha mikono chini ya makwapa yake, akamwinua kutoka kitandani hadi kwenye kiti na kutoka kwenye kiti hadi bafuni. Asubuhi moja, wakiwa bafuni, bega la kulia lilikatika nguvu kama taa. Mpiga Chapa alimponyoka akaangukia ukingo wa sinki kwa nyonga, kisha chini. Hakulia. Alilala pale, shavu kwenye maji ya sabuni, akimtazama kwa jicho moja, na Fundi alihangaika muda mrefu, akijikaza kisabuni, kabla ya kumrudisha kwenye kiti. Nyonga ilivimba ikawa ya zambarau. Jirani alipoiona aliambiwa kwamba mgonjwa alijigonga kitandani. Asubuhi mbili tatu baadaye bega lilitetereka tena, lakini safari hiyo ukuta ulikuwa karibu.

Ni katika siku hizo ambapo neno "bendera" lilizidi. Alikuwa akilisema asubuhi, Fundi alipoinama kumshika. Alilisema tena mlangoni mwa bafu. Fundi alisimama na taulo begani, akafikiri, na furaha ikampanda. Mkewe alikuwa anakumbuka mchezo! Katika yote yaliyofutika, ule uwanja wa kijivu ulikuwa bado umo, mzima, na alikuwa akiuomba.

"Nimekusikia, mama," alimwambia. "Subiri kidogo. Nitakuletea."

Kompyuta yenyewe ilikuwa stoo. Ofisi ya maji ilipoleta mpya, zile za zamani zilirundikwa uani zinyeshewe, na Fundi aliomba moja akapewa. Iliishi nyumbani miaka kadhaa, kisha simu zikaja, ikahamia stoo chini ya magunia. Sasa aliitoa, akaiweka mezani dirishani mwa chumba cha mgonjwa, akaifungua mbele yake.

Ilikuwa na vumbi zito kama blanketi, na mjusi mkavu kwenye feni. Alipangusa kwa brashi ileile ya mashine za chapa. Alichomoa vibao vya kumbukumbu akavisugua meno kwa kifutio cha penseli, kama walivyofundishwa shule ya jioni, mpaka shaba ikang'aa. Kipanya kilikuwa cha gololi. Alikifungua tumbo, akaitoa gololi, akaiosha kwa sabuni, akakwangua uchafu uliojizungusha kwenye magurudumu madogo ya ndani. Mpiga Chapa aliangalia kila kitu kutoka kitandani, na Fundi alimsimulia anachofanya, kwa urefu, kama zamani. Siku ya kwanza mashine ililia mlio mmoja mrefu ikanyamaza. Siku iliyofuata ilikataa hata kulia. Alinunua betri ndogo ya saa akaibadilisha, akahamisha vibao, akapuliza, akasubiri. Kioo kilipowaka, kwanza kijani, kisha maandishi, kisha picha ile ya zamani, alijifuta mikono kwenye suruali. Feni ilivuma. Mpiga Chapa alisema, "Eti," na safari hiyo ilionekana kwamba sentensi haikuhitajika.

Mwanzo haukuwa mzuri. Alimweka kwenye kiti mbele ya meza, kipanya upande wa kushoto, akafungua mchezo. Mkewe alikisukuma kipanya polepole, akabofya, na bendera ikasimama. Akabofya tena, bendera nyingine. Alijaza uwanja mzima bendera nyekundu, hakufungua hata kiboksi kimoja, kisha akamgeukia mumewe na kumtazama.

Fundi alitoka nje akasimama uani. Alijiambia kwamba binti alikuwa amesema kweli. Alisimama pale mpaka jua likamchoma kisogo, ndipo akili ya kazi ilipomrudia. Mkono wa kushoto! Kidole cha shahada cha mkono wa kushoto kinakaa juu ya kitufe cha kulia, kile cha bendera. Alirudi ndani karibu akikimbia, akaingia kwenye mipangilio, akabadilisha vitufe. "Samahani, mama, kosa ni la fundi," alisema. Akaanzisha uwanja mpya. Mpiga Chapa alibofya, na nusu ya uwanja ikafunguka.

Tangu hapo alicheza kila siku. Alikuwa mzito, na mara nyingine alisinzia katikati, lakini alikuwa akifikiri. Fundi aliona jicho lake likitoka kwenye namba kwenda kwenye kiboksi na kurudi. Alilipuka, akaanza upya bila kuambiwa. Alilipuka tena. Kisha siku moja akaumaliza uwanja mdogo, wote, kila bomu na bendera yake, na Fundi akaenda jikoni kwa kisingizio cha chai ili asionekane usoni.

Asubuhi lakini, alipoinama kumshika, bado alisema, "Bendera."

"Tukishaoga," Fundi alimjibu. "Wewe mwanamke, mchezo utakumaliza."

Binti na mumewe walifika kama walivyoahidi. Mkwe alikuwa dereva wa malori, pande la mtu lenye sauti ndogo, aliyemwamkia Fundi kwa kuinama kabisa na kisha kutafuta kiti cha mbali. Nyuma ya gari walikuwa wametandika godoro. Fundi aliliona, akawatangulia ndani. Aliwaketisha kwenye kitanda cha mgonjwa, akamsogeza mkewe mezani, akawaeleza sheria za mchezo kana kwamba hawajawahi kuona kompyuta. Binti alisema anazijua, Baba. Akaeleza hata hivyo.

Mpiga Chapa alichukua muda. Kuna mahali aliacha kabisa, mkono juu ya kipanya, mpaka mkwe akakohoa na binti akainua macho kumtazama baba yake kwa huruma, huruma ambayo Fundi hakuipenda. Kisha mkono ukasogea. Akaweka bendera kwenye pembe, akafungua kiboksi kilichokuwa kati ya mbili na tatu, mahali ambapo mkwe, kwa kunong'ona, alikuwa amesema pana bomu. Hapakuwa na bomu. Mkwe akasema, "Aa," akajikuna kichwa. Mpiga Chapa alimgeukia, na ule upande mmoja wa mdomo ukapanda. Halafu akamaliza uwanja.

Binti alipiga magoti mbele ya kiti akaweka kichwa mapajani mwa mama yake. Alilia bila kujificha. Alisema alikuwa amemzika mama akiwa hai, Mungu amsamehe. Mama yake alimpapasa nywele. Baadaye binti alijifuta, akasimama, akasema neno ni neno: mama anabaki. Atakuja kumwona kila atakapoweza, na Baba hataitwa tena mkaidi, ingawa ni mkaidi. Mkwe aliuliza kama basi akalitoe godoro garini wamwachie mama, maana ni zuri. Ulikuwa ushindi mtupu, na Fundi aliupokea kama alivyopokea cheti, amenyooka, mikono nyuma.

"Sasa apumzike," alisema. "Amefanya kazi kubwa."

Alienda kwenye kiti, akainama, akapitisha mikono chini ya makwapa ya mkewe. Mpiga Chapa aliachia kipanya na kushika ukingo wa meza. Aliushika kwa nguvu mpaka vifundo vya vidole vikawa vyeupe.

"Bendera," alisema.

Binti alicheka, pua bado imejaa machozi. "Baba, mwache. Bado anataka kucheza."

Fundi hakujinyoosha. Uso wake ulikuwa karibu na uso wa mkewe, karibu kiasi cha kuhisi pumzi yake. Mkewe hakuwa akiitazama kompyuta. Kioo kilikuwa kinawaka mbele yake, uwanja mpya uko tayari, na yeye hakukitupia jicho. Alikuwa akilitazama bega. Fundi alimtazama akilitazama, na chini ya viganja vyake alihisi mwili wote umekakamaa, kama mtu anayesubiri kupigwa. Ndivyo ulivyokuwa kila asubuhi. Alikuwa akidhani ni ugonjwa.

Aliitoa mikono polepole.

Hapakuwa na mwingine chumbani aliyejua neno lile kama onyo. Mkwe alikuwa ameshafika mlangoni kwenda kulichukua godoro. Binti alikuwa anatafuta leso. Jambo lilikuwa limekwisha amuliwa, na kwa haki, mbele ya mashahidi.

"Liacheni godoro garini," Fundi alisema. "Mchukueni."

"Nani?"

"Mama yako. Mchukueni leo."

Binti alimwangalia kana kwamba amesema kwa lugha nyingine. "Si tumeshakubaliana anabaki?"

"Nimechoka."

"Umechoka?" Binti alilirudia neno taratibu. "Miezi yote hii umetupigisha kelele, umetutolea maneno, mume wangu hajalala vizuri kwa ajili yako. Leo nimekubali, ndiyo unachoka?"

Fundi angeweza kusema bega. Angeweza kusema sinki. Maneno yalikuwepo, alikuwa nayo mengi kuliko mkewe, lakini kila alilolishika lilikuwa na mkewe ndani yake, amelala shavu kwenye maji ya sabuni, na hakutaka aonekane hivyo na binti yake wala na mkwe.

"Mtu wa umri wangu ana haki ya kuchoka," alisema.

"Baba, mama anakusikia."

"Najua anasikia. Si ndicho nilichokuwa nakuonyesha?"

Binti alimpa mgongo. Alianza kukusanya nguo za mama yake bila kuzikunja. Hakuuliza dawa ziko wapi. Alizitafuta mwenyewe, akifungua na kufunga makabati kwa kishindo. Mpiga Chapa alikuwa ameuachia ukingo wa meza. Alimtazama mumewe, moja kwa moja, kwa muda mrefu kuliko siku zote za ugonjwa, na Fundi hakuweza kusoma kilichokuwemo, naye alikuwa amezoea kujisifu kwamba anamsoma.

Mkwe ndiye aliyembeba. Fundi alimwelekeza kutoka pembeni: mkono mmoja chini ya magoti, shingo isilegee, mguu wa kulia unaburuta, aangalie kizingiti. Mkwe aliitikia ndiyo Baba, ndiyo Baba, akamnyanyua kama mtu anayenyanyua mto. Mpiga Chapa alipitisha mkono wa kushoto shingoni mwa mkwe akatulia. Walipopita mlangoni Fundi alilazimika kujibanza ukutani kuwapisha.

Gari lilipoondoka jirani alikuwa amesimama kwake, ufagio mkononi, hafagii. Aliuliza mgonjwa anapelekwa wapi. Fundi alimjibu kwamba anakwenda kwa binti yake, yeye amechoka. Jirani hakuwa na utani wowote. Alisema, "Haya," akaingia ndani, na kabla giza halijaingia mtaa ulikuwa umeshagawana habari. Dukani, wanawake waliozoea kumsifu kwa kumuuguza mkewe kwa mikono yake mwenyewe walimpa kisogo kwa adabu. Mzee mwenzake mmoja alimwambia, akidhani anamfariji, kwamba wanaume hatukuumbiwa kazi hiyo. Hilo ndilo lililomuuma kuliko yote.

Binti hakupokea simu zake. Aliyempa habari alikuwa mkwe, aliyempigia kwa siri kutoka uani kwake, akinong'ona kwa ile sauti yake ndogo isiyolingana na mwili. Mama anakula. Mama amenenepa kidogo usoni. Wajukuu wanamsomea vitabu vyao vya shule, naye akichoka anafumba macho.

"Na binti yangu mkaidi huyo, bado kanuna?" Fundi aliuliza, akijaribu utani wa baba na binti.

"Bado, Baba. Hataki hata nitaje jina lako. Mpe muda."

Fundi alisema muda anao. Alitaka kuuliza kama mama bado anasema "bendera" akiinuliwa, swali alilolipanga tangu asubuhi, lakini upande wa pili kulisikika mlango ukifunguliwa na sauti ya binti ikiuliza unaongea na nani, na mkwe akasema, kwa haraka, ni mtu wa spea za gari, akakata simu.